"Ulizaliwa Wapi?" Swali Lililofichua Kirusi cha Saratani

Je, saratani huambukiza? Swali hili, ndugu msikilizaji, halikosi kuulizwa kila panapozungumzwa ugonjwa huu, iwe ni barazani, ndani ya basi au kwenye benchi la hospitali. Na jibu linalotolewa huwa fupi: haiambukizi. Jibu hilo ni sahihi, tena ni jibu la huruma, maana wapo wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe na jamaa zao wenyewe, kwa kuogopa kitu kisichokuwapo. Uvimbe wa mwenzio huwezi kuupata kwa kumshika mkono, kumwogesha wala kulala naye chumba kimoja.

Hata hivyo jibu hilo halimalizi habari yote. Zipo saratani chache ambazo chanzo chake ni kirusi, na kirusi hupita kutoka mtu hadi mtu. Kinachopita si saratani yenyewe. Kinachopita ni mbegu ambayo kwa watu walio wengi haioti kamwe, na kwa wachache huota baada ya miaka arobaini, hamsini au hata sitini. Leo nataka tuzungumze juu ya mojawapo ya saratani hizo, iliyo adimu sana, ambayo mara nyingi hujionyesha kwanza kwenye ngozi. Habari yake inatupeleka Japani, katika kisiwa cha Kyushu, lakini kabla ya kufika huko inatubidi tupite Kampala.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo huko Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, akakuta kwamba watoto wa aina hiyo ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari ya gari la mitumba, kutoka Kampala hadi kusini kabisa mwa Afrika na kurudi, kama maili 10,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali moja tu: watoto wa namna hii mnawaona hapa? Kwa njia hiyo wakachora ramani ya ugonjwa, na ramani ikaonyesha kwamba uvimbe huo unafuata nchi za joto na mvua, yaani nchi za malaria.

Huko London, mtaalamu mmoja wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia mwezi Machi 1961, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege. Alihangaika navyo kwa muda mrefu bila kuona kitu. Kisha mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja iliyobeba kichupa kutoka Uganda ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilipomfikia kilikuwa kimegeuka rangi kama maji ya tope. Mwingine angekimwaga akidhani kimeoza. Epstein alichungulia kwa hadubini, akakuta chembe za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Kutokana na chembe hizo, mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kirusi ambacho leo kinaitwa kwa majina yao, Epstein-Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Naitaja habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, Afrika Mashariki ina haki ya kukumbuka kwamba mlango huo ulifunguliwa kwa watoto wake. Pili, kirusi chenyewe kilileta fumbo. Ilionekana baadaye kwamba takriban watu wazima wote duniani wanacho. Mimi ninacho, na wewe bila shaka unacho. Ikiwa kila mtu anacho, mbona wagonjwa ni wachache? Wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza kama kirusi ni mkosaji kweli, au ni mpita njia aliyekamatwa karibu na nyumba iliyovunjwa. Ili kulimaliza shauri hilo ilifaa kipatikane kirusi kingine, ambacho wengi hawana, na ugonjwa ambao hautokei ila kwa wale walio nacho. Hapo ndipo tunapofika Japani.

Katika miaka ya 1970, daktari wa magonjwa ya damu katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Kiyoshi Takatsuki, pamoja na wenzake, walianza kukutana na wagonjwa wasioingia katika kundi lolote la vitabuni. Walikuwa watu wazima. Damu yao ilijaa chembe nyeupe zisizo za kawaida, ambazo kiini chake kimekatika-katika kama petali za ua, hata leo wataalamu huziita chembe za maua. Tezi zilivimba kwapani na kinenani, na ini na bandama vilikuwa vikubwa. Na wengi walikuwa na ngozi iliyoharibika: mabaka mekundu, vinundu, na wengine uvimbe wa dhahiri. Wengine waliishi na hali hiyo kwa muda, kisha ugonjwa ukawaka ghafla kama moto wa makuti, na dawa zilizokuwapo hazikuufua dafu.

Mwaka 1977 madaktari hao waliandika habari za wagonjwa 16. Waliutaja umri, wakautaja umbo la chembe, wakaitaja ngozi. Lakini jambo walilolitilia mkazo kuliko yote halikutoka maabara. Lilitoka kwenye faili, katika ule mstari ambao makarani huujaza bila hata kuinua kichwa: mahali pa kuzaliwa. Kati ya wagonjwa 16 waliotibiwa, 13 walikuwa wamezaliwa Kyushu, kisiwa cha kusini magharibi mwa nchi. Kyoto haiko Kyushu. Iko katika kisiwa kingine kabisa, na watu hao walikuwa wamehama kwao kama sisi tunavyohama kwenda mjini kutafuta kazi. Walikuwa wamekula chakula cha mji mwingine na kuvuta hewa ya mji mwingine, na bado kitu fulani walichokibeba kutoka nyumbani kiliwafuata.

Mimi naliona swali hilo kuwa ndilo kiini cha habari yote ya leo. Mwenye haraka angesema ni jambo la bahati tu, maana wagonjwa 16 ni wachache. Takatsuki na wenzake hawakulipuuza. Wakaupa ugonjwa jina, lukemia ya seli T ya watu wazima, na wakaacha swali la chanzo likiwa wazi.

Hebu tusimame kidogo tueleze hizi seli T ni kitu gani. Damu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa na chembe nyeupe za ulinzi. Miongoni mwa walinzi hao wamo wanaoitwa limfosaiti, na hao nao wamegawanyika: wengine hutengeneza kingamwili, na wengine, hizi seli T, ndio makamanda na askari wa mkono. Saratani ya limfosaiti inapokuwa ndani ya damu huitwa lukemia. Inapokaa kwenye tezi au ngozi huitwa limfoma. Mara nyingi mpaka kati ya hizo mbili ni wa kwenye karatasi tu.

Limfoma za ngozi zilikuwa zimejulikana Ulaya tangu zamani bila kueleweka. Mwaka 1806 huko Paris, katika Hospitali ya Saint-Louis, daktari Jean-Louis Alibert alieleza habari za mtu aliyeota uvimbe wa ngozi wenye umbo la uyoga. Kutokana na umbo hilo ugonjwa ukapewa jina la Kilatini lenye maana ya ukuvu unaofanana na uyoga, mikosisi fungoidesi. Jina hilo ni la kupotosha moja kwa moja, kwa kuwa hakuna ukuvu wowote ndani yake, lakini limeganda kwa zaidi ya miaka mia moja na tisini. Mwaka 1938 Mfaransa mwingine, Albert Sézary, alieleza wagonjwa waliokuwa wekundu mwili mzima, wakiwashwa usiku na mchana, na katika damu yao akaona chembe kubwa za kutisha. Ilichukua hadi katikati ya miaka ya 1970 kutambua kwamba magonjwa hayo mawili ni ndugu, na kwamba yote ni saratani ya seli T iliyoifanya ngozi kuwa makao yake.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, kwa kuwa ndiko ngozi na kirusi vilikokutana. Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani, Robert Gallo na wenzake walikuwa wakitafuta virusi vya binadamu vya aina inayoitwa retrovirusi. Hivi ni virusi vyenye tabia ya kipekee. Vinapoingia ndani ya seli hunakili maandishi yao na kuyapachika katikati ya maandishi ya urithi ya seli yenyewe, na seli ikigawanyika, nakala hiyo hurithiwa pamoja na mengine yote. Ni kama mtu aingize ukurasa wake katika hati ya shamba, kisha kila nakala ya hati itolewe ikiwa na ukurasa huo. Retrovirusi za kuku zilijulikana tangu mwaka 1911, na za panya na paka zikafuata. Za binadamu zilikuwa zimetafutwa mno na kukosekana mno, hata wataalamu wengi wakaona kuwa hazipo, na waliozitafuta wakaanza kuchekwa.

Kilichowasaidia ni ugunduzi wa mwaka 1976 katika maabara hiyo hiyo, wa namna ya kuzilisha seli T ili ziishi na kuongezeka nje ya mwili. Mtafiti kijana, Bernard Poiesz, alizichukua seli za mgonjwa mmoja aliyetambuliwa kuwa na limfoma ya seli T ya ngozi, akazikuza, na ndani yake akapata kirusi. Habari ilitangazwa Desemba 1980. Retrovirusi ya kwanza ya binadamu ilikuwa imepatikana, nayo leo huitwa HTLV-1.

Wakati huo huo Wajapani hawakuwa wamelala. Isao Miyoshi alikuwa amefaulu kukuza seli za wagonjwa wa ule ugonjwa wa Kyushu. Tena alizichanganya seli za mgonjwa na chembe nyeupe kutoka damu ya kitovu cha mtoto mchanga, na chembe za mtoto zikaanza kuongezeka bila kikomo, zikiwa na virusi ndani yake. Naye Yorio Hinuma wa Kyoto alifanya jaribio ambalo mimi nalipenda kwa urahisi wake. Alichukua maji ya damu ya wagonjwa, akayaweka juu ya seli zilizokuzwa, kisha akatia rangi inayong'aa pale kingamwili inaponata. Ikiwa mgonjwa aliwahi kukutana na kirusi kilichomo katika seli zile, kingamwili zake zitanata, na seli zitang'aa chini ya hadubini.

Zikang'aa. Mwaka 1981 Hinuma alitangaza matokeo: wagonjwa 44 wa ugonjwa wa Kyushu walipimwa, na wote 44 walikuwa na kingamwili. Katika watu wazima wenye afya waliozaliwa katika sehemu za ugonjwa, asilimia 26 walikuwa nazo. Katika watu wa sehemu nyingine za Japani ni wachache tu. Swali la karani, ulizaliwa wapi, likawa limepata jibu lake. Kirusi cha Marekani na kile cha Japani vilipolinganishwa vilionekana kuwa kitu kimoja.

Hapa pana kosa moja ambalo wapenzi wa sayansi hawapendi kulisimulia, nami naona linafaa. Kwa kuwa kirusi kilitoka kwa mgonjwa aliyedhaniwa kuwa na mikosisi fungoidesi, watu wengi waliamini kwamba chanzo cha ugonjwa wa Alibert kimepatikana. Maabara za Ulaya na Marekani zikapima wagonjwa wao wa ngozi, na wengi mno hawakuwa na kirusi hicho. Ilidhihirika kwamba mgonjwa yule wa kwanza alikuwa na ugonjwa ule ule wa Kyushu, uliovaa nguo ya mwingine. Kwenye ngozi magonjwa haya hufanana hata jicho la bingwa hudanganyika. Chanzo cha mikosisi fungoidesi chenyewe hakijapatikana hadi leo. Kwa hiyo msikilizaji mwenye ndugu anayetibiwa ugonjwa huo asianze kumtafuta aliyemwambukiza.

Tena tusichanganye jambo jingine. Miaka michache baadaye, maabara ya Gallo ilipokuwa ikifuatilia chanzo cha UKIMWI, kirusi chake kilipewa jina la HTLV-III, na mwaka 1986 ndipo kikaitwa VVU. Majina yalifanana, na yote mawili ni retrovirusi zinazoingia katika seli T, lakini kazi zao ni tofauti kabisa. VVU huua seli T hadi mwili ukose walinzi. HTLV-1 huzishawishi ziongezeke. Na ule uvimbe wa ngozi ulioenea pamoja na UKIMWI katika nchi zetu, kaposi, si limfoma. Una kirusi chake mwenyewe, cha jamii ya Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1994.

Inakuwaje basi kirusi kimoja kikae kimya nusu karne halafu kiue? Wataalamu wamelifumbua fumbo hili kidogo kidogo. HTLV-1 kina protini iitwayo Tax, ambayo huichochea seli igawanyike na kuzilegeza breki zake. Lakini Tax inaonekana kwa walinzi wengine wa mwili, na seli inayoionyesha huuawa. Zinazopona ni zile zinazojua kuificha. Protini nyingine, HBZ, iliyogunduliwa mwaka 2002, huendelea kufanya kazi kwa chini chini. Kwa hiyo ndani ya mwili wa mtu anayejiona mzima kabisa pana mchezo wa kujificha na kutafutana kwa miongo ya miaka. Kila seli inapogawanyika huweza kufanya kosa la kunakili, na makosa hurundikana. Siku moja seli moja, kati ya mamilioni, hukusanya makosa ya kutosha na kuacha kutii.

Ushahidi kwamba ni seli moja upo. Katika saratani ya mgonjwa, kirusi kimepachikwa mahali pale pale katika kila seli. Maana yake ni kwamba kirusi kiliingia kwanza, na saratani ikafuata, wote wakiwa wajukuu wa babu mmoja. Lile shauri la mpita njia na mkosaji likafungwa hapo.

Na kwa nini ngozi? Seli hizo mara nyingi hubeba juu yake alama iitwayo CCR4, ambayo ni kama anwani: seli yenye alama hiyo huvutwa kwenye ngozi. Katika hali ya kawaida ni jambo la maana, kwa kuwa ngozi ni mpaka na inahitaji walinzi. Seli iliyoasi huifuata njia ile ile. Ndiyo sababu karibu nusu ya wagonjwa hupata mabaka au vinundu, na kwa wengine ngozi ndiyo dalili pekee kwa miaka. Wajapani walipoupanga ugonjwa huu katika daraja nne mwaka 1991, daraja ya chini kabisa waliiita ile inayofuka moshi bila kuwaka. Mtu wa daraja hiyo anaweza kuishi miaka mingi akipaka dawa za ukurutu. Wa daraja ya juu, ambako damu hujaa kalsiamu, mgonjwa akashikwa na kiu na kuchanganyikiwa, mara nyingi hakuishi zaidi ya miezi michache.

Dawa zimesogea, ingawa si kwa kiasi cha kujivunia. Mwaka 2012 Japani iliruhusu kingamwili ya kutengenezwa, mogamulizumabu, inayoilenga ile anwani ya CCR4. Na mwaka 2018 Marekani ikairuhusu kwa wagonjwa wa mikosisi fungoidesi na wa Sézary. Kirusi kilikuwa kimewapita wagonjwa wa Alibert, lakini dawa iliyotokana na kukifuatilia ikawarudia.

Kirusi chenyewe kilitoka wapi? Jamaa zake wa karibu wamo katika nyani na kima wa Afrika na Asia, na hapana shaka kiliwafikia binadamu kutoka huko, zaidi ya mara moja. Katika Japani kimeenea Kyushu na visiwa vya Okinawa kusini, na pia miongoni mwa Waainu kaskazini kabisa. Katikati ni haba. Wengi wanaoifuatilia historia ya nchi hiyo wanasema hiyo ni alama ya wenyeji wa kale waliosukumwa pembeni na wahamiaji waliokuja baadaye. Nje ya Japani kimo visiwa vya Karibi, Amerika ya Kusini, kaskazini mashariki mwa Irani, baadhi ya jamii za wenyeji wa Australia, na katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, zikiwemo Gabon na Kongo. Mwaka 1982 madaktari wa London walieleza wagonjwa wao sita, na wote walikuwa Weusi wa asili ya Karibi. Yaani kirusi kilivuka Atlantiki pamoja na mababu waliofungwa minyororo, kikakaa vizazi, kisha kikavuka tena na wajukuu wao waliokwenda Uingereza kutafuta kazi. Kwa hesabu ya mwaka 2012, walio nacho duniani hawapungui milioni 5 hadi 10, tena katika nchi nyingi zenye watu wengi hapajapimwa ipasavyo.

Kirusi kinachosafiri hivyo kwa karne nyingi, ndani ya familia zile zile, hupita wapi? Hupita katika damu ya kuongezewa, na Japani ilianza kuipima damu yote ya wachangiaji mwaka 1986. Hupita kwa kujamiiana, zaidi kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Lakini saratani hii huwapata hasa wale walioambukizwa wakiwa watoto wachanga, na njia yao ni nyingine. Mwaka 1985 watafiti wa Nagasaki walimnywesha tumbili mdogo maziwa ya akina mama wenye kirusi. Tumbili akaambukizwa. Njia ni titi la mama.

Fikirini uzito wa habari hiyo. Katika lugha zote za ulimwengu maziwa ya mama ndiyo kipimo cha wema. Sisi wenyewe tukimuusia mtu jambo zito humkumbusha titi alilonyonya. Na sasa daktari anamketisha mwanamke mjamzito, mwenye afya, asiyejisikia vibaya hata kidogo, anamwambia kwamba katika maziwa yake mna kitu ambacho huenda kikamuua mwanawe akiwa mzee. Tena kitu hicho alikipata kwa mama yake mwenyewe, bibi aliye nyumbani akisubiri mjukuu. Atamwambia nani? Mumewe? Mama mkwe, atakayeuliza mbona mtoto hanyonyeshwi?

Nagasaki ilianza mpango wake mwaka 1987, ukiongozwa na Shigeo Hino. Wajawazito walipimwa, wenye kirusi wakaelezwa faraghani, na uamuzi ukaachwa mikononi mwao. Matokeo ya miaka mingi yalionyesha kwamba katika watoto walionyonyeshwa miezi sita au zaidi, kama 20 kwa kila 100 waliambukizwa. Walionyonyeshwa chini ya hapo walikuwa kama 7. Waliopewa maziwa ya kopo walikuwa 2 au 3. Mwaka 2011 kipimo cha wajawazito kilikuwa kimeenea Japani nzima.

Je, na nchi nyingine zifanye hivyo? Wengine hujibu upesi kuwa ndiyo. Mimi nasita, na nitaeleza hesabu yangu. Chukua watoto 100 wa akina mama wenye kirusi, wanyonyeshwe muda mrefu. Ishirini wataambukizwa. Kati ya watu 100 walioambukizwa utotoni, wanaopata saratani hii maishani mwao ni wachache, tuseme watano. Kwa hiyo katika wale watoto mia wa mwanzo atapatikana mgonjwa mmoja, baada ya miaka 50 au 60. Nagasaki, ambako maji ya bomba ni safi na kopo la maziwa halimfilisi mtu, kumwokoa huyo mmoja ni jambo la kufanywa, na walifanya vyema. Pale ambapo maji ni ya kisima kilicho karibu na choo, na kopo moja ni mshahara wa siku tatu, kuharisha kutaua watoto wengi zaidi ya huyo mmoja, tena kabla hawajatimiza mwaka. Mama wa huko anaweza kushauriwa apunguze miezi ya kunyonyesha, na hata hilo lifikiriwe pamoja naye, si juu ya kichwa chake. Kupima damu ya kuongezewa ni jambo jingine. Hilo haliwanyimi watoto chakula.

Nimesema mwanzoni kwamba kirusi cha Kampala ni cha watu wote. Nacho, kwa watoto wachache wa Asia ya Mashariki na wa nchi kama Meksiko na Peru, hushindwa kutulia. Hubaki kikichacharika mwilini kwa miaka, uso ukatoka malengelenge kila unapopigwa na jua, ukabaki na makovu, na baadhi yao huishia na limfoma ya ngozi. Kwa nini hao na si wengine, inaelekea ni jambo la urithi wa damu na mwitikio wa mwili, na kazi ya kulichunguza inaendelea.

Turudi Nagasaki. Wagonjwa wanaogunduliwa na saratani ya Kyushu nchini Japani siku hizi wengi wana umri unaokaribia miaka 70. Hao ni watu walionyonyeshwa kabla ya mtu yeyote kujua kitu, na wataendelea kufika hospitali kwa miaka mingi ijayo, hata kama tangu leo asingeambukizwa mtoto hata mmoja. Watoto wa kwanza wa ule mpango wa 1987, walionyimwa titi kwa ajili ya uzee wao, watatimiza miaka 60 mwaka 2047. Hapo ndipo hesabu kamili ya kazi hiyo itakapoanza kuonekana, na itasomwa na madaktari ambao wengi wao bado wako shule.